Vikadi Vyenye Majina ya Watu

Kijijini, upande wa Msanzi,
kwa njia ya Posta, Sumbawanga.

Mdogo wangu Mwajuma,

Salamu zangu zikukute wewe na wote mnaolizunguka jiko la Mama. Naanza na la afya, maana najua Mama hatakuacha uendelee kusoma mpaka alisikie: mimi ni mzima. Baridi ya huku Ufipa imenikausha midomo, na asubuhi naingia darasani nimejifunga khanga juu ya sweta, ila homa sina wala kikohozi. Je, goti la Mama linaendeleaje? Na Baba ameacha kubeba magunia mwenyewe kama alivyoniahidi, au alikuwa ananinyamazisha tu? Wewe ndiye uniambie ukweli, kwa kuwa yeye huniandikia mazuri matupu.

Barua yako nimeipata. Nakiri kwamba kabla ya kuifungua niliigeuzageuza, nikikagua gundi kama imebanduliwa ikabandikwa upya. Haikuwa na kasoro yoyote. Ndivyo nilivyokuwa mwaka huu, mdogo wangu. Nimekuwa mtu wa kukagua gundi.

Unasema mtihani wako wa kidato cha sita unakaribia, na unataka kujua nilisoma vipi hata nikapata alama ya juu kabisa katika sosholojia, mimi mwalimu wa shule ya msingi niliyekaa kijijini na masomo ya posta tu. Tena unaomba nikutumie vile vikadi vyangu. Vikadi sikutumii. Njia nitakueleza, lakini siwezi kukueleza njia nikaiacha aibu iliyokuja nayo, kwa hiyo vumilia barua ndefu.

Tulikuwa wawili tuliojiandikisha kwa somo hilo hapa shuleni: mimi na Mwalimu Deogratias, ambaye kila mtu humwita Deo. Ni kijana wa hukuhuku, mtoto wa wakulima Wakatoliki, mpole, anayesema polepole kama anayepima ulezi kwa kibaba. Siku tulipopata fomu, mwalimu mkuu alituita ofisini akatuambia, “Someni wote wawili, mimi nafurahi. Lakini mjue, mkifaulu, wa kwenda Chuo Kikuu kwa mwaka mmoja nitamwidhinisha mmoja tu. Shule haiwezi kubaki na walimu watatu.” Tulitoka tukicheka. Nadhani hapohapo mlangoni ndipo nilipoanza kumtazama Deo kwa jicho la pembeni.

Mwanzoni nilisoma kama tulivyozoea tangu utoto, yaani kukariri. Nilimeza kijitabu cha kwanza kizima, nikaandika insha ya majaribio kurasa saba, nikaituma. Ilirudi baada ya miezi miwili ikiwa na alama za kumtia mtu kilio. Chini msahihishaji alikuwa ameandika mstari mmoja, kwamba nimeandika yote ninayoyajua na sikujibu nilichoulizwa. Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikaisoma upya ile insha, nikaona kweli. Swali lilitaka nipime kama umaskini unatokana na mtu mwenyewe au na mpangilio wa jamii. Mimi nilieleza maana ya umaskini, aina za umaskini, historia ya umaskini, nikamaliza bila kupima chochote.

Basi nikabadili. Hili lishike, Mwajuma: nilianza na maswali ya mitihani iliyopita, si na vitabu. Nilichukua swali moja, nikapigia mstari neno linaloniamuru, iwe ni eleza, linganisha au pima, halafu ndipo nikafungua kitabu kutafuta cha kulijibia. Nikakata maboksi ya chaki yakawa vikadi. Upande mmoja neno la kitaalamu kwa Kiingereza, upande wa pili maana yake kwa maneno yangu mwenyewe kwa Kiswahili, na chini ya maana, mfano. Kila jioni nilijiuliza bila kuchungulia. Nilichokipata nilikiweka nyuma ya bunda kisubiri siku kadhaa. Nilichokosa kilibaki mbele. Kuangalia kitu ukasema “ah, hiki nakijua” si kukijua. Kukijua ni kukisema ukiwa umefumba macho.

Mfano ndio ulionipeleka pabaya. Msahihishaji alipenda mifano ya kweli kutoka kwenye jamii ninayoijua. Na jamii ipi ningeijua huku kuliko kijiji hiki? Nikaanza kuuliza watu. Nilikaa na wazee wakipukuchua mahindi, nikawauliza walikuwa wanaishi wapi kabla ya kuhamia kijiji cha ujamaa, nani aliwagawia mashamba zamani na nani anawagawia sasa, nani akisema mkutanoni wengine wananyamaza. Nikirudi chumbani naandika. Hadhi: fulani. Mamlaka: fulani. Majina yao kamili, Mwajuma, kama ninavyoandika ya wanafunzi kwenye daftari la mahudhurio. Sikufikiri mara mbili.

Kumbe wao walikuwa wananifikiria mimi. Nikipita, mazungumzo kwenye baraza yalikatika. Mama mmoja niliyekuwa namsalimia kila siku alianza kuniitikia huku anaingia ndani. Deo ndiye aliyenidokeza. “Dada Zainabu, punguza kuandika mbele ya watu. Huku mara ya mwisho mgeni alipoandika majina ya watu kwenye karatasi, haikupita muda wakaambiwa wabomoe nyumba zao wahame. Wapo walioacha ulezi shambani.” Nilimshukuru kwa mdomo. Moyoni nikasema, huyu hataki nipate mifano.

Kisha bunda moja la vikadi likapotea.

Lilikuwa juu ya meza chumbani kwangu, na mlango wangu haukuwa na kufuli. Nilitafuta chini ya kitanda, ndani ya debe la unga, mpaka kwenye majivu. Wiki sita zilikuwa zimebaki kabla ya mtihani. Nani mwingine duniani angetaka vikadi vya sosholojia? Kulikuwa na mtu mmoja tu kijiji kizima anayesoma kitu kilekile na anayeshindania nafasi ileile. Na siku hiyo alikuwa amekuja kuazima wino wakati mimi niko darasani. Aliniambia mwenyewe, tena kwa utulivu, jambo lililozidi kunitia shaka.

Sikumuuliza. Laiti ningemuuliza. Nilianza kumchunguza. Akitaja hoja nzuri, najiuliza kaipata wapi. Akicheka, najiuliza anamcheka nani. Jioni tulikuwa na desturi ya kuulizana maswali, yeye ananifundisha ninachokosa nami namfundisha anachokosa, na nikuambie, hakuna kusoma kunakoshinda huko. Jambo usiloweza kumweleza mwenzako likamkaa, bado hujalielewa. Jioni moja akaniuliza, “Kuna hadhi mtu anayozaliwa nayo na hadhi anayojipatia kwa juhudi zake. Yale maneno mawili ya Kiingereza yananichanganya. Lipi ni lipi?”

Nikamjibu kinyume. Nikamtazama usoni, nikalipa neno hili maana ya lile na lile maana ya hili, nikamtungia na mfano ili aukumbuke vizuri. Akaandika. Akasema, “Ahsante, dada. Sasa sitasahau.”

Sikujisikia vibaya hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Siku tatu baadaye nikaitwa ofisi ya kijiji. Mwenyekiti wetu ni Mzee Silvesta, mtu mzima wa makamo ya Baba, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Nilimwamkia shikamoo akaitikia bila kuniangalia. Mezani mbele yake kulikuwa na bunda langu, limefungwa kwa uzi wa katani. Wajumbe wanne walikaa kwenye benchi. Na kwenye kigoda karibu na mlango alikaa Leokadia.

Lazima nikuambie Leokadia ni nani. Ni mjane, nyumba yake iko mstari mmoja na yangu, na ndiye aliyekuwa akiniletea maziwa kila asubuhi kutoka kwa wenye ng'ombe. Alikuwa pia mwanafunzi wangu katika darasa la kisomo cha watu wazima, na kwa kweli alikuwa bora kuliko wote. Alipoanza hakujua kushika kalamu. Nilimshika mkono mimi mwenyewe kumwandikisha herufi ya kwanza ya jina lake.

“Mwalimu,” alisema Mzee Silvesta, “hizi karatasi unampelekea nani?”

“Simpelekei mtu, Mzee. Nasomea mtihani.”

“Mtihani gani unaotaka kujua habari za zizi langu?”

Mjumbe mmoja akasema, “Ametumwa huyu. Nilisema tangu mwanzo.”

“Sikutumwa na mtu,” nikasema.

“Leokadia,” mwenyekiti akasema, “soma ulichokiona.”

Leokadia akasimama. Akatoa kikadi kimoja kifuani, ndani ya nguo, akakishika kwa mikono miwili. Alisoma kama nilivyomfundisha, kidole chini ya kila silabi.

“Le-o-ka-di-a. M-ja-ne. Ha-na ng'o-mbe. Ha-na sa-u-ti ki-ji-ji-ni.”

Akakishusha kile kikadi.

“Nilikwenda kuweka maziwa mezani,” akasema. “Nikaona jina langu. Nikafurahi, nikasema mwalimu kaandika jina langu. Nikakaa kwenye kitanda chake kulisoma, kisha nikavileta vyote hapa. Mwalimu, wewe uliniambia nijifunze kusoma ili mtu asinidanganye. Hiki ndicho kitu cha kwanza nilichosoma maishani bila mtu kunisaidia.”

Mwajuma, nimeshawahi kuchapwa na Baba, na nimeshawahi kufeli. Vyote hivyo si kitu.

Nilijaribu kueleza. Nilisema ni mfano tu, kwamba wasahihishaji wako mbali na hawamjui. Akanikata. “Kama hawanijui, jina langu la nini?”

Wajumbe walitaka jambo lipelekwe wilayani. Kama lingekwenda huko, ruhusa yangu ya mtihani ingekwama, na pengine kazi pia. Ni Deo aliyeingia, sijui nani alimwita, akaomba kusema. Aliongea nao kwa Kifipa muda mrefu. Sikuelewa ila jina langu na neno mtihani. Nilikaa pale nikimtilia shaka hata wakati huo, nikidhani anakoleza moto. Alipomaliza alinigeukia akasema kwa Kiswahili, “Wamekubali usipelekwe wilayani. Lakini utavisoma vyote kwa sauti, mbele ya watu waliotajwa humo. Nao watakujibu.”

Ikawa hivyo. Jumapili baada ya misa watu walijaa darasani kwangu, wakaketi kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa videvu. Nikasoma kikadi kimoja baada ya kingine. Walicheka kwingine. Kwingine walinisahihisha kwa ukali. Kikadi cha mamlaka kilisema watu wanamtii Mzee Silvesta kwa sababu ya ukoo wake kuliko kwa sababu ya cheo chake. Yeye akasema cheo amepewa kwa kura. Mzee mmoja nyuma akasema, “Na kura zilipigwa na nani, kama si ukoo?” Kicheko kilichotoka hapo kilikuwa na meno ndani yake.

Nilipofika kwa Leokadia nikataka kukiruka. Akasema, “Soma.” Nikasoma. Akasimama.

“Andika hivi. Leokadia alikuwa na ng'ombe. Mumewe alipofariki, ndugu za mume walikuja wakawaswaga wote, hata mtamba aliyezaliwa kwa jasho lake. Hilo hukuandika, kwa sababu hukuuliza. Uliona zizi tupu ukaandika hana. Na sauti ninayo. Hamuisikii ikipita hapa? Nikisema mkutanoni, katibu anainua kalamu, haandiki.”

Kaka mkubwa wa marehemu mume wake ni Mzee Silvesta. Kila mtu mle ndani alilijua hilo isipokuwa mimi, mtaalamu wa jamii. Mzee alivua kofia yake akaitazama ndani, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondokea humo. Mkutano ukaisha.

Baadaye mtamba mmoja alionekana nyumbani kwa Leokadia. Upande wa mwenyekiti wanasema kaazimwa kwa ajili ya maziwa. Leokadia anasema ni wake. Mimi sisemi kitu, na siandiki.

Lakini lile darasa la Jumapili lilinifundisha kuliko kijitabu chochote. Nilitoka nikijua tofauti ya kusema mtu hana kitu na kusema amenyang'anywa, na huko ndiko kupima ambako insha yangu ya kwanza ilikukosa. Tangu hapo kila swali niliandika upande mmoja, kisha nikajiuliza, na aliyetajwa hapa angesemaje? Nikaandika upande wake pia, halafu nikasema upi una uzito na kwa nini. Nilijipimia muda kwa saa ya shule: swali moja, robo tatu za saa, kalamu chini hata kama sentensi haijaisha. Majina nikayaondoa yote. Wiki ya mwisho sikusoma jipya, nilirudia niliyokuwa nayakosa tu, nikalala mapema.

Kwa Deo, sasa. Bunda lilipopatikana nilijua hakuwa ameiba. Ningepaswa kumwendea siku ileile. Sikwenda. Kila jioni tuliulizana maswali, na kila jioni nilisema nitamwambia kesho. Mara nyingine alitumia yale maneno mawili kwenye maelezo yake, kinyume kama nilivyomfundisha, nami nilitazama pembeni.

Chumba cha mtihani kilikuwa Mbeya. Mzee Abeid, yule mfanyabiashara wa Sumbawanga mjini anayenipokelea barua dukani kwake, alitupa nafasi kwenye lori lake. Tulipofika Laela dereva alisimama kupakia mahindi, na tulijua hapo ni kukaa. Tukakaa juu ya magunia, Deo akaniambia nimuulize maswali. Nikatoa vikadi. Cha juu kilikuwa ni kilekile cha hadhi.

“Deo,” nikasema, “yale maneno mawili nilikupindulia.”

Akanitazama. “Ulikosea?”

“Sikukosea.”

Chini wapakiaji walikuwa wanahesabiana kwa kuimba.

“Lini?”

“Vikadi vilipopotea.”

“Ulidhani ni mimi.” Hakuuliza. Alisema tu, kama mtu anayejisomea.

Nilianza kulia na kuomba radhi, maneno yakapandana. Hakunitukana. Alifungua daftari lake, akatafuta ukurasa, akafuta kwa mistari miwili iliyonyooka, akaandika upya. Kisha akasema, “Endelea kuniuliza. Mtihani ni keshokutwa.” Nikamuuliza mpaka lori likaondoka. Alijibu kila kitu. Ila hakuniita dada, na tangu siku hiyo hajaniita hivyo tena. Ananiita Mwalimu Zainabu.

Ndani ya karatasi ya maswali lilikuwamo swali kuhusu hadhi, Mwajuma. Nilipoliona niliweka kalamu chini. Niliinua kichwa nikamtafuta Deo, safu mbili mbele yangu. Alikuwa ameinama anaandika. Msimamizi akagonga meza yangu, nikarudi kwenye karatasi yangu.

Matokeo yalikuja mwezi uliopita. Mimi nimepata alama ya juu kabisa, yeye pia. Mwalimu mkuu alichinja jogoo. Baada ya kula akasema, haya, sasa mniambie nani anatangulia.

Leo asubuhi Deo amekuja hapa mlangoni kwangu. Hakuingia. Amesema ameshamwambia mwalimu mkuu nitangulie mimi kwenda Chuo Kikuu, yeye atasubiri mwaka mwingine, na fomu yangu ya kuidhinishwa amekwisha kuitia sahihi kama mwalimu mwenzangu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mama yake hajisikii vizuri, na shamba la ulezi halina mtu. Ni jambo linaloeleweka. Kila mtu angelielewa.

Na mimi, niliyesoma kote huko, nilisimama pale nikamwangalia machoni nikitafuta kilichofichika nyuma yake. Anataka nini? Kaandika nini kwenye ile fomu? Nilijishika nikasema ahsante. Lakini niliisema baada ya kukaa kimya kidogo, na yeye alikisikia kile kimya. Akaitikia, akaenda zake darasani.

Nisalimie Mama, umwambie aweke goti juani asubuhi. Baba mpe shikamoo yangu na umwondolee gunia mgongoni. Shangazi aliyenilea nilipokuwa mdogo mwambie sijasahau kuswali. Bibi mshike mikono kwa niaba yangu, na wadogo zetu wote wanaokugombania taa wakati unasoma, wape pole, ila taa usiwape.

Mungu akufungulie akili.

Ni mimi dada yako, niliye mbali ila si moyoni,

Zainabu